Tulichokikata na Tulichokataa Kukikata

Mwanzoni mwa 2022 mkataba wa mume wangu, ambaye ni fundi umeme, ulifikia mwisho, na kampuni ya ujenzi aliyokuwa akiifanyia kazi haikuuhuisha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi ya serikali. Kuanzia hapo mshahara wangu ukawa ndio fedha pekee yenye tarehe ya uhakika nyumbani kwetu Kimara, Dar es Salaam, kwa kuwa vibarua vya mume wangu vilikuja wiki hii na kukatika wiki ijayo. Tuna watoto watatu, na mdogo wangu wa kike tunaishi naye. Mwaka ule haukuwa mwepesi kwa mtu yeyote: vita vya Ukraine vilianza Februari, mafuta ya kula na unga wa ngano vikapanda bei, na ilipofika Mei lita ya petroli hapa Dar es Salaam ilikuwa imeshapita shilingi 3,000, jambo lililofanya kila kinachosafirishwa kwa gari kipande pamoja nayo. Nimeona niandike namna tulivyopita, pamoja na gharama zake, kwa sababu familia nyingi ninazozijua zikibanwa hufanya kile tulichokifanya sisi miezi ya kwanza, nacho kinaumiza bila kuokoa fedha ya maana.

Tulichokifanya ni kuondoa kila kitu kitamu. Chai ya maziwa ikawa ya rangi, samaki wa Ijumaa wakatoka, king'amuzi hakikulipiwa, na safari ya kwenda Muheza kwa mama yangu ikafutwa. Nyumba ilinyong'onyea. Watoto walianza kuchelewa kurudi kwa sababu kwa jirani kulikuwa na televisheni, mume wangu akawa anakwenda kuangalia mechi za Simba na Yanga kwenye kibanda umiza, ambako pamoja na kiingilio kulikuwa na soda na mishikaki, na mimi mwenyewe nikajikuta nikinunua chai na sambusa kantini kila mapumziko, kwa kuwa nilikuwa nimetoka nyumbani bila kunywa kitu cha kunishika. Mwisho wa mwezi tulikuwa na upungufu uleule, na juu yake kulikuwa na manung'uniko. Lililonisikitisha zaidi ni kwamba tulianza kujibizana kwa ukali mbele ya watoto kuhusu shilingi 1,000 au 2,000, sisi ambao huko nyuma hatukuwahi kugombana kwa ajili ya fedha.

Mume wangu ndiye aliyependekeza tuandike. Tulichukua daftari la kawaida, na kila aliyetumia fedha, pamoja na mdogo wangu anayetumwa dukani, aliandika kabla ya kulala: kitu, kipimo, bei. Kipimo ndicho kilichokuja kutusaidia kuliko vyote, ingawa mwanzoni tulikiona kama usumbufu. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba mwezi huo wa kuandika asibadilishe chochote na asimlaumu mtu yeyote, kwa sababu mtu akishalaumiwa huanza kuficha, na daftari linaloficha mambo halina faida. Mwezi ulipoisha tulikaa sote mezani, na badala ya kuuliza kitu gani ni anasa, tuliuliza: kipi kikiondoka hakuna mtu humu ndani atakayekiulizia? Kwa kila mstari tuliweka alama. Tulishangaa kuona kwamba mistari isiyo na mwenyewe ilikuwa mingi, na jumla yake ilizidi kwa mbali maziwa, samaki na king'amuzi kwa pamoja. Kulikuwa na umeme uliopotea, mkaa wa kopo, mafuta ya kupima, makato ya kutoa fedha kwa wakala, na bodaboda za dharura ambazo hazikuwa dharura.

Umeme tuliuanza siku hiyohiyo kwa sababu fundi alikuwa ndani. Kwa wasiofahamu, LUKU zetu za nyumbani, yaani mita za umeme wa kulipia kabla, zina makundi mawili makubwa. Wa kundi la D1, ambao matumizi yao hayazidi uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo, hivyo uniti 75 hupatikana kwa shilingi 9,150. Wa kundi la T1 hununua kwa shilingi 292 kabla ya makato hayohayo, ndiyo maana shilingi 10,000 huwapa uniti 28 tu. Sisi tuko T1, na tulikuwa tunamaliza zaidi ya uniti 110 kwa mwezi. Mume wangu alizima kila kitu akaacha friji peke yake, akasoma mita usiku, akaisoma tena asubuhi. Kisha alibana karatasi kwenye mlango wa friji na kuivuta. Ikatoka bila kukwama popote upande wa chini. Mpira wa mlango ulikuwa umekufa, baridi ilikuwa inatoka mchana na usiku, na mashine ilikuwa haipumziki. Mpira mpya na kazi yake vilitugharimu chini ya shilingi 30,000, kwa sababu mafundi wa friji ni watu anaofahamiana nao. Tukaisogeza friji mbali kidogo na ukuta ipate hewa, tukaanza kupiga pasi nguo za wiki nzima kwa wakati mmoja, na hita ya maji ya kuoga tukaiondoa kabisa, kwa kuwa kwa joto la Dar es Salaam alikuwa akiitumia mtu mmoja kwa mazoea. Leo tunamaliza uniti 80 na ushei, na friji inagandisha vizuri kuliko zamani.

Jambo jingine la LUKU linalowahusu wapangaji ni kodi ya majengo. Tangu 2021 hukatwa kwenye ununuzi wa umeme, wakati ule ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na sasa shilingi 1,500, wakati anayedaiwa kodi hiyo kisheria ni mwenye nyumba. Tulitunza ujumbe wote wa manunuzi, na tulipokwenda kulipa kodi ya miezi sita tulimweleza mama mwenye nyumba kwa heshima, tukamwonyesha, naye akatupunguzia. Fedha yenyewe si nyingi, lakini kwa watu wanaohesabu ni kilo kadhaa za unga.

Kwenye kupika tulichelewa kidogo, kwa sababu mabadiliko yake yanataka fedha ya kuanzia. Tulikuwa tunanunua mkaa wa kopo la shilingi 2,000 karibu kila siku, yaani kama shilingi 60,000 kwa mwezi, na bado mtungi wa gesi wa kilo 6 ulikuwepo kwa ajili ya chai. Kilichokuwa kinamaliza mkaa ni maharage na makande, vyakula ambavyo tunaviita vya kubana matumizi huku vikila saa mbili za moto. Gunia la mkaa lingekuwa nafuu kuliko kopo, lakini mgao wa kikoba chetu, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, ulipotoka niliamua kununua jiko la presha la umeme, ingawa bei yake, zaidi ya shilingi 150,000, ilimtisha mume wangu, na majirani waliniambia litamaliza LUKU. Tulisoma mita kabla na baada ya kupika. Maharage yaliyolala kwenye maji yaliiva vizuri kabisa bila kufikisha uniti moja, yaani chini ya shilingi 356 pamoja na kodi na tozo, kwa chungu kinachotulisha mlo wa jioni na kiporo cha asubuhi. Mkaa tumeubakiza kwa siku za kuchoma mahindi na samaki, kwa sababu hapo ladha yake hatujapata mbadala, nasi hatukuona sababu ya kuikosa.

Sasa nieleze kuhusu vipimo, kwa sababu hapa ndipo mwenye kipato kidogo anaponyonywa bila kujua. Daftari lilionyesha kwamba tulikuwa tunanunua mafuta ya kula robo lita kwa shilingi 2,000. Hiyo ni sawa na shilingi 8,000 kwa lita, wakati dumu la lita tano siku zilezile lilikuwa shilingi 33,000, yaani 6,600 kwa lita. Sukari ya robo, mchele wa nusu kilo, sabuni ya kipande na nyanya za fungu zote zilikuwa na hadithi hiyohiyo. Mwenye duka wa mtaani simlaumu, kwani naye hubeba gharama ya kupima, kufunga na kutukopesha, na siku za shida yeye ndiye aliyetubeba. Ila tuliona kwamba tulikuwa tunalipa zaidi kwa sababu tu hatukuwa na fedha nyingi kwa pamoja siku moja.

Kutoka humo hakuwezekani kwa mkupuo. Tulianza na kitu kimoja, dumu la mafuta, na kile tulichookoa tukakiweka kando mpaka kikatosha kuongezea kitu cha pili, ambacho kilikuwa sukari. Mchele ulikuwa wa mwisho, na huo tulijifunza kuununua kwa msimu. Mpunga wa Mbeya huvunwa kuanzia Mei, na kwenye Juni na Julai bei hulegea. Mwanzoni mwa 2023 kilo ya mchele hapa Dar es Salaam ilikuwa imefika shilingi 3,000 na zaidi, na waliokuwa na gunia ndani walipumua. Mimi na majirani wawili hununua gunia moja na kugawana siku ileile, kwa mizani, mbele ya macho ya kila mmoja, kwa sababu kugawana kwa kukadiria huharibu ujirani. Wala usinunue kuliko mnavyoweza kula kwa miezi mitatu kama huna mahali pakavu pa kuhifadhia, kwani joto na unyevu wa pwani huleta wadudu upesi, na mchele uliopatwa na wadudu hula ile nafuu yote. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha viwanda vya sukari na kilo ikapita shilingi 4,000 mitaani, hatukukimbilia kujaza ndani. Tulipunguza vijiko mpaka bei ikashuka, na watoto wawili hawakurudia kipimo cha zamani.

Samaki wa Ijumaa, ambao kwetu watu wa Tanga si jambo dogo, walirudi kwa njia ya mabasi ya mwendokasi. Kituo cha Kivukoni kiko jirani na soko la samaki la Feri, na mdogo wangu, ambaye ana mikono ya biashara kuliko mimi, huenda asubuhi na kurudi na ndoo ya vibua au mafungu ya changu kwa ajili ya nyumba tatu. Alitufundisha jambo ambalo wachuuzi wote wanalijua: dagaa na vibua huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu samaki hao huadimika na bei hupanda. Basi siku za mbalamwezi tunakula mayai au dagaa wakavu, na siku za giza tunanunua wa kutosha na kuwagandisha. Kwenda Feri kwa ajili ya kilo moja ni hasara ukihesabu nauli na asubuhi yako. Ni lazima mgawane. Wakifika, huwapika mwenyewe kwa nazi ya kukuna, tui zito likiwekwa mwishoni, pilipili mbuzi ikielea nzima, na wali wa kutosha kila mtu kurudia. Siku hiyo sihesabu vijiko vya mtu.

Chai ya maziwa nayo ilirudi, nusu lita kila asubuhi, na maandazi ninayoyakanda usiku. Hilo peke yake liliua sambusa zangu za kantini na chenji za watoto za kununua vitafunwa njiani, ambazo kwenye daftari zilikuwa zimezidi bei ya maziwa yenyewe. King'amuzi tulikirudisha kwa kifurushi cha chini chenye ligi ya nyumbani, na mume wangu akaacha kibanda umiza. Sasa majirani huja kwetu siku ya mechi kubwa na kila mmoja huja na kitu mkononi. Safari ya Muheza tuliihamisha kutoka Desemba, ambapo mabasi hujaa na tiketi hugombaniwa, tukaiweka likizo ya Juni. Huo ni msimu wa machungwa kule, na mama hutufungashia pia hiliki, mdalasini na pilipili manga za milima ya Usambara, ambazo hutufikisha mbali bila kununua viungo vya pakiti. Mama yangu amezeeka. Nilipoifuta safari ile mwaka wa kwanza nilidhani nimeokoa nauli, lakini sauti yake kwenye simu siku ile sijaisahau, na nimeapa kwamba safari hiyo haitaingia tena kwenye orodha ya vitu vya kukatwa.

Kuhusu makato ya simu nitasema kwa ufupi. Tulikuwa tunahamisha fedha kutoka benki kwenda kwenye simu, kisha tunatoa kwa wakala kidogokidogo, kila mara kwa makato yake. Sasa natoa benki mara moja fedha ya soko ya wiki mbili, na kwenye maduka yenye lipa namba, yaani namba ya kulipia kwa simu, nalipa hukohuko. Fedha ya nauli, ya soko na ya dharura hukaa kwenye bahasha tofauti, na bahasha ikiisha, imeisha. Hatuazimi ya jirani yake.

Kuhusu mikopo ndiko ninakotaka kuonya kwa nguvu zangu zote. Katika miezi ile ya dhiki nilifuatwa na wakopeshaji wa kausha damu, wenye fedha ya papo kwa papo na marejesho ya kila siku au kila wiki. Sikuchukua, na sababu ni kwamba nilikuwa nimemwona mwalimu mwenzangu akikabidhi kadi yake ya benki pamoja na namba ya siri, na kila mwisho wa mwezi mkopeshaji akawa ndiye anayepokea mshahara na kumpa yeye kinachobaki. Alikonda mbele ya macho yetu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na mwaka 2024 Benki Kuu ilitoa hadharani orodha ya programu za mikopo za kwenye simu zinazofanya kazi bila idhini. Mtu akikuletea mkopo, mwombe leseni, mwombe akuandikie jumla yote utakayorejesha, na kadi yako usimwachie mtu yeyote hata kwa saa moja. Mimi nilikopa kwenye kikoba, ambako tunanunua hisa kila Jumamosi na mtu hukopa mpaka mara tatu ya hisa zake. Riba ipo, lakini hurudi kwetu wenyewe kwenye mgao.

Michango ilitugawa mimi na mume wangu kuliko jambo lolote. Yeye aliona aibu kupunguza, na mimi niliona kwamba makundi ya simu ya harusi na kitchen party yalikuwa yanakula kama kodi ya nyumba. Tulikubaliana tutenge fungu moja la mwaka mzima. Misiba haina mjadala: tunakwenda, tunatoa rambirambi, na mimi nalala huko nikipika na wenzangu. Kwenye harusi tunataja mapema kiasi tunachokiweza na kukitoa kwa wakati, hata kama hakifiki kiwango cha kadi ya mwaliko. Wapo walionuna. Wengi walishukuru, kwa sababu kamati husumbuliwa zaidi na ahadi kubwa zisizolipwa.

Kodi ya miezi sita, ambayo kila ikikaribia ilikuwa inatukosesha usingizi, sasa hutengwa kila mwezi siku ileile ya mshahara na kuwekwa kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, ambako fedha inapata faida kidogo na inatoka ndani ya siku chache za kazi ukiihitaji. Kibubu tulikijaribu kabla ya hapo, lakini kilikuwa karibu mno na mikono yetu. Sare na madaftari tunanunua Novemba, kabla Januari haijafika na msongamano wake.

Mume wangu alipata mkataba mwingine mwaka 2024, na tulikaa tena mezani na daftari kuona kipi kirudi. Bodaboda ya asubuhi kutoka nyumbani hadi barabara ya Morogoro imerudi kwangu siku za mvua, kwa kuwa magoti yangu yameanza kulalamika. Daftari halijazwi tena kila siku. Tunaliandika mwezi mmoja kati ya kila miezi minne, na hilo linatosha kuonyesha panapovuja. Hita ya maji hakuna aliyeiulizia. Kuhusu friji bado hatujakubaliana: mume wangu anataka tununue mpya inayotumia umeme kidogo, na mimi nimemwomba kwanza aisome mita ya hii kwa mwezi mzima, tuone hiyo mpya itarudisha bei yake baada ya muda gani.